Picha Niliyoikata kwa Mkono Wangu

Profesa Njue alizikwa Ijumaa, na mimi nilikaa nyuma kabisa ya hema nikisoma programu ya mazishi yake kama mtu anayesoma hati ya kesi inayomhusu. Ukurasa wa kwanza alikuwa amevaa joho. Wa pili ulikuwa wa familia. Kutoka wa tatu hadi wa sita, kwa herufi ndogo za kuumiza macho, ziliorodheshwa makala zake zote za kisayansi, kana kwamba huko aendako kuna mtu atakayezikagua mlangoni. Iliyotangulia zote, kwa wino mzito, ilikuwa ile ya viazi vya Kibirichia. Mhadhiri mmoja kijana, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akapewa kipaza sauti atueleze usomi wa marehemu. "Hii pepa moja," alisema, akiinua programu juu kama mhubiri anavyoinua Biblia, "imenukuliwa na wanasayansi wa kila bara. Prof amelala, lakini jina lake halilali." Watu wakapiga makofi. Sijawahi kuona mahali pengine watu wakilipigia jeneza makofi. Mama mmoja kando yangu alinitazama mikono, akashangaa kwamba imelala mapajani.

Mimi nilikuwepo mwaka ule makala ile ilipozaliwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nina stashahada ya ufundi wa maabara na koti jeupe moja ambalo nililifua kila Jumamosi. Sitaeleza nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa watu gani. Hayo hayatanisaidia hapa na hayatamsaidia msomaji. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, tangu mvua ndefu ziliponikuta naripoti kazini kwenye kituo kimoja cha utafiti huko Embu, hadi wiki zile kavu za baada ya Krismasi ambapo nilijifahamu mimi ni mtu wa aina gani. Nimengoja sana kuusimulia. Nilidhani namwogopa yeye. Sasa amefukiwa na bado mkono unasita, kwa hiyo nadhani niliyekuwa nikimwogopa si yeye.

Nilipanga chumba mtaa wa Majimbo, mimi na Wanja, mpiga chapa wa kituo, mwanamke wa Kiembu aliyenizidi miaka kumi na ambaye alijua kila barua iliyoingia na kutoka kabla ya mwenye barua. Chumba chenyewe kilikuwa na vitanda viwili, pazia la maua kati yake, jiko la makaa ambalo tulilitoa nje kuwasha na kulirudisha moshi ukishaisha, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kupitia ukuta huo tuliwasikia mwalimu na mke wake wakibishana kuhusu uhamisho wake wa kwenda Kiambere. "Huko kuna nini zaidi ya bwawa na mbuzi?" mke aliuliza kila jioni, na kila jioni mwalimu alijibu, "Kuna kazi," na sisi tuliacha kutafuna ili tusikie kama leo atajibu lingine. Tulikula githeri ya mahindi na maharagwe siku nne za wiki. Siku ya tano Wanja alipika mboga za kienyeji na ugali, na Jumapili, tukitoka kanisani, tulikuwa na chapati. Wanja alilalamika kwamba nywele zangu zinanuka dawa za maabara. Mimi nilipenda harufu hiyo. Nilipokuwa nikilala niliivuta puani kama vile wengine wanavyovuta marashi, kwa sababu ilimaanisha kwamba mtu wa kwetu, tena msichana, alikuwa akishika vinasaba kwa mikono yake.

Maabara ilikuwa vyumba viwili na kijumba cha giza cha kupigia picha. Mashine ya kunakilia vinasaba, ambayo wafadhili walikuwa wameileta ndani ya sanduku kubwa la mbao, ilifunikwa kwa kitambaa cha kufuma alichokitengeneza Wanja, sawa na vile ambavyo watu huweka juu ya redio. Daktari Njue, wakati huo bado hajawa profesa, alicheka alipokiona lakini hakukiondoa. Alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo, mwembamba, mpole, mtu wa kula chakula cha mchana nasi kwenye benchi bila kujitenga. Yeye Mwembu, mimi Mmeru, tukakutana kwenye Kiswahili cha shule, na Kiingereza kikaingia kila tulipofika kwenye sayansi. Ni yeye aliyenifundisha kusaga jani kwenye kinu kidogo chenye barafu, kunyonya tone dogo kuliko chozi la kuku, na kungoja. Zaidi ya yote kungoja. "Gatwiri," aliniambia wiki ya tatu, akinitazama nikijaza vishimo vya jeli, "mikono yako haitetemeki. Yangu inatetemeka. Mungu amekupa wewe." Hakuna mwanamume aliyewahi kuniambia neno lililonipendeza hivyo, na nikisema nilimpenda, namaanisha nilimpenda kama vile mtu anavyompenda aliyemwonyesha mlango ambao hakujua upo.

Kazi yetu ilikuwa mnyauko, ugonjwa wa bakteria unaoangusha viazi shambani asubuhi vikiwa bado kijani, na ukikata kiazi unatoka utomvu mweupe kama usaha. Tulitafuta, ndani ya vinasaba vya kiazi, alama inayotofautisha mmea unaouhimili na ule unaokufa. Ukiipata alama hiyo, hungoji msimu mzima uone upi utasimama. Unachuma jani moja, unalipima, unajua. Mahali pa kutafutia palikuwa Kibirichia, ambako baridi inauma na udongo ni mweusi na kila mtu analima waru, ndivyo wanavyoviita viazi. Na Kibirichia kila mkulima tuliyemuuliza alitutuma kwa mtu mmoja: "Endeni kwa Mama Nkirote. Chake hakinyauki."

Tulimkuta akipalilia, amevaa gambuti moja nyeusi na moja ya kijani. Hakutusalimia kwanza. Alituonyesha debe la majivu mlangoni mwa shamba. "Kanyageni hapo. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Matope ya watu siyataki." Daktari, na viatu vyake vya ngozi, alikanyaga majivu kama mtoto. Ndipo mama yule akacheka, akatusalimia, akatuonyesha kiazi chake. Alipewa mbegu na mama mkwe wake. Kilikuwa kidogo, cha zambarau, chenye macho yaliyoingia ndani sana hata kukimenya ni kazi, na wachuuzi wa soko la Gakoromone hawakukitaka. "Watu walikiacha kwa sababu ya sura," alisema. "Mimi nilikiona kinasimama wakati vingine vinalala. Miaka kumi na mbili nimekiangalia. Kila msimu nachagua mwenyewe shina la kuwa mama wa mbegu." Nilipomuuliza anamchagua vipi, alinieleza kwa kirefu, shina kwa shina, na niliandika yote kwenye daftari langu. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba yale yalikuwa utafiti, na kwamba yeye ndiye aliyeufanya, na sisi tulikuja na barafu kwenye ndoo baada ya kazi kuisha.

Mwezi wa saba nikaipata alama. Ilikuwa saa nane mchana, Daktari yuko mkutanoni, na mimi niko ndani ya kijumba cha giza nimewasha taa ya zambarau chini ya jeli. Kila sampuli hushuka kwenye jeli kwa njia yake, na vinasaba vyake hung'aa kama mistari. Njia za mimea iliyokufa zilikuwa na mistari mitatu. Njia za Mama Nkirote zilikuwa na minne. Nilitoka nje, nikanywa maji, nikarudi, na mstari wa nne bado ulikuwepo. Nikarudia kazi nzima kuanzia kwenye majani, mara tano, bila kumwambia mtu. Nilipomwonyesha Daktari alikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Unajua hii ni nini?" aliuliza. "Hii ni maisha yako, Gatwiri. Wenzetu wa ng'ambo wana nafasi moja ya masomo ya shahada kwa mtu wa maabara. Jina lako litakuwa kwenye makala, la tatu, na makala ndiyo itakayokupeleka." Siku hiyo Wanja alichinja kuku wa jirani kwa makubaliano ambayo sikuyauliza, tukala na mwalimu na mke wake, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetaja Kiambere.

Ningetaka hadithi iishie hapo. Kuna watu ambao huzisimulia hadithi zao za kudhulumiwa wakianzia mlangoni pa mdhalimu, na ningeweza kufanya hivyo, maana nimedhulumiwa kweli. Lakini mwezi wa nane Daktari alitaka picha ya mwisho ya kuchapishwa, yenye mimea kutoka mashamba mengine ya Kibirichia, ili wasomaji waone kwamba alama haiko kwa Mama Nkirote peke yake. Nikaifanya. Njia kumi. Nane zilikuwa kama tulivyotarajia. Mbili za mwisho, pembeni kulia, zilitoka kwenye mimea iliyonyauka mbele ya macho yangu mimi mwenyewe, niliyoing'oa kwa mkono wangu. Na zote mbili zilikuwa na mstari wa nne. Maana yake ilikuwa rahisi hata kwa fundi. Alama yetu haikuwa alama ya kuhimili mnyauko. Ilikuwa alama ya ukoo fulani wa viazi, na ndani ya ukoo huo baadhi vilisimama na baadhi vilikufa.

"Ni uchafu," Daktari alisema, ameishika picha karibu na dirisha. "Tone liliruka kutoka njia moja hadi nyingine."

"Nimerudia mara tatu, Daktari."

"Basi ni uchafu mara tatu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyechoka ambaye basi lake linaondoka. "Makala inatakiwa Ijumaa. Tukianza kuuliza sasa, tutauliza mwaka mzima, na hiyo nafasi ya masomo haitakungoja." Akaiweka picha mezani mbele yangu, akatoka kwenda kuosha mikono. Alikaa huko muda mrefu. Wakati huo picha zilikuwa za karatasi, zilibandikwa kwenye kadi na kutumwa kwa posta. Makasi yalikuwa kwenye droo. Mikono yangu haikutetemeka. Nilikata wima, sawasawa, kati ya njia ya nane na ya tisa, na kipande kile chembamba nikakiweka ndani ya daftari langu, nikafuta vumbi mezani. Aliporudi alitazama kadi na kusema, "Safi." Hatukulizungumza tena kwa wiki tatu.

Ni Wanja aliyeniambia. Tulikuwa tunachambua maharagwe kitandani, sinia kati yetu, na aliendelea kuchambua wakati akisema, bila kuinua macho. "Leo nimechapa upya ile makala yenu, ng'ambo wameirudisha irekebishwe. Jina lako wamelitoa."

"Wamelitoa wapi?"

"Wamelitoa tu. La tatu sasa ni la binti wa mkuu wa kituo."

Binti yule alikuja kwetu wiki mbili wakati wa likizo ya chuo, akaosha vyombo vya glasi, akavunja viwili. Nilicheka. Nilidhani Wanja anatania. Kisha nikaona jinsi anavyolishika haragwe moja bovu, akiligeuzageuza, akikataa kulitupa, nikajua hatanii. "Mwishoni kuna mstari," aliongeza. "Wanawashukuru mafundi wa maabara kwa msaada wao. Nimeweka herufi kubwa kwenye M ya mafundi, angalau." Mpaka leo, nikiifungua makala ile, herufi hiyo kubwa ipo, haina sababu ya sarufi, na ni zawadi pekee niliyopewa na mtu katika shughuli hiyo yote.

Asubuhi iliyofuata nilimfuata Daktari ofisini. Niliingia bila kubisha, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Alinikaribisha kiti. Alieleza kwamba wenzetu wa ng'ambo hupendelea watu wenye shahada, kwamba mkuu wa kituo ndiye anayetia sahihi kila kitu, kwamba majina ni mambo ya mpangilio tu, na zamu yangu itakuja kwenye makala ijayo.

"Mstari ule niliuona mimi," nilisema. "Wewe hukuwepo."

"Najua."

"Na picha nilipiga mimi."

"Najua, Gatwiri." Akapanga kalamu zake. "Pia ndiwe uliyeikata. Mtu akiuliza siku moja, ungependa jina lako liwe hapo?"

Sijui kama alikuwa ananitisha au ananionea huruma, na baada ya miaka hii yote nimeamua kwamba hata yeye hakujua. Lakini alikuwa amefunga mlango kwa kufuli ambalo nililitengeneza mwenyewe. Ningemshtaki kwa nani? Ningesema nini: niliibiwa makala ambayo niliiharibu? Nilirudi kwenye benchi langu nikavaa koti langu. Mwezi wa kumi na moja binti wa mkuu alisafiri kwenda masomoni. Tulimfanyia sherehe ya chai, mandazi na keki, na mimi ndiye niliyekata keki kwa kuwa, alisema mkuu akicheka, nina mikono thabiti.

Makala ikatoka, na ikaanza maisha yake. Kwa miaka mingi sikuifuatilia. Nilihamia shule moja ya upili huko Meru, nikawa naandaa vifaa vya somo la biolojia hadi nilipostaafu. Ni mpwa wangu, aliye chuo kikuu, aliyenionyesha kwenye kompyuta yake jinsi unavyoweza kufungua makala moja na kuwaona wote walioitaja. Nilimwomba anisomee. Tulikaa Jumapili mbili. Baadhi waliitaja kwa heshima, bila dalili kwamba wameisoma. Lakini wengine, na hawakuwa wachache, waliandika kwamba walijaribu alama ile kwa viazi vyao na hawakupata kitu, au walipata mstari wa nne ndani ya mimea iliyokufa. Walikuwa watu waungwana. Waliandika kwamba labda hali ya hewa ni tofauti, labda bakteria ni wa aina nyingine. Hakuna aliyeandika kwamba labda picha ilikatwa. Nilifikiria miezi yao, barafu yao, majani waliyoyasaga, na nikamwomba mpwa wangu afunge kompyuta.

Pale mazishini, wakati wa chakula, nilijikuta kwenye foleni nyuma ya yule mhadhiri kijana. Sikuwa nimepanga kusema neno. "Umewasoma wote walioinukuu ile makala?" nilimuuliza.

"Ai, mathe, ni wengi mno." Alitabasamu, akanipa sahani. "Kwani wewe pia ni wa sayansi?"

"Kuna wanaosema walijaribu na haikufanya kazi."

"Hao pia wanahesabiwa." Alisema kwa furaha ya mwalimu aliyepata swali zuri. "Sistimu haiulizi kama walikubali ama walikataa. Ukitajwa, umetajwa. Hata hao walimjenga Prof." Akachota pilau. "Na ulikuwa nani kwake, mathe?"

"Nilikuwa fundi wa maabara."

"Sawa sawa. Wale tunaowashukuru pale mwisho," akasema, kwa upole kabisa, na akanipakulia nyama kwa mkono wake. Nilisema asante. Nilikula nyama yote.

Nimeandika haya yote nikizunguka jambo moja, kama mbwa anayezunguka mahali pa kulala, na sasa sina budi kulilalia. Mwezi wa kumi, kabla makala haijachapishwa, wafadhili walitaka kuona faida kwa wakulima. Daktari aliagiza tukusanye mbegu kutoka nyumba nyingi za Kibirichia, tuzipime, na zile zenye mstari wa nne zigawiwe kwa kikundi cha akina mama cha kanisa. Shamba la mfano litakuwa la Mama Nkirote, kwa sababu ndiko picha za wageni zingependeza. Nilizipima mimi. Kila kiazi chenye mstari nilikitia kwenye gunia lililoandikwa SAWA, nikijua kwamba mstari hauonyeshi kiazi kizima na kwamba kati ya hivyo kuna vyenye ugonjwa umelala ndani. Tulipofika kwake na magunia, Mama Nkirote alisimama mlangoni pa shamba kando ya debe lake la majivu. "Hizi zimetoka wapi?" aliuliza. "Si zangu." Daktari akamwambia zimepimwa na mashine. Mama yule hakumtazama Daktari. Alinitazama mimi, ambaye nilikuwa nimekaa jikoni kwake mara nyingi nikiandika maneno yake. "Gatwiri, ni kweli?" Nikaitika kwa kichwa. Akasogea, tukapita.

Kufikia Krismasi shamba lake lote lilikuwa limelala. Si mbegu yetu tu. Kile chake pia, cha zambarau, kilizidiwa. Ugonjwa ule ukishaingia kwenye udongo hukaa humo miaka. Mashamba ya akina mama wengine yaliliwa vilevile, na kwa kuwa mradi ulikuwa umeitangaza mbegu hiyo kwa jina lake, walisema ni mbegu ya Mama Nkirote iliyowaua. Mkutano ukaitwa Jumamosi asubuhi ndani ya ukumbi wa kanisa. Daktari aliniambia niende peke yangu, nikasikilize tu, nirudi nimweleze. Hakuniambia niseme neno lolote. Nataka hilo lieleweke vizuri, maana ndilo pekee ambalo siwezi kumsukumia yeye.

Mwenyekiti alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya. Aliwaacha watu waseme. Mmoja alisema watoto wake wamekula uji mtupu tangu wiki iliyopita. Mwingine alisema Mama Nkirote aliwapa wageni siri ya kiazi na kuwaachia wenzake maradhi. Mama Nkirote alikaa kwenye benchi la mbele, kitambaa kichwani, mikono imefumbatana. Kisha mwenyekiti akanigeukia. "Huyu hapa ni wa maabara. Tuambie, mwari, binti yetu, wewe ni Mmeru kama sisi. Mbegu ilikuwa mbaya?"

Nilisimama. Ningeweza kusema ndiyo. Neno moja tu, tena kwa Kimeru. Nilikuwa nimeshapoteza makala, nimeshapoteza masomo, sikuwa na kitu cha kulinda isipokuwa koti lile jeupe na mlango wa maabara ambao ningeupita Jumatatu. "Mbegu ilipimwa," nilisema, "na ilikuwa sawa. Ugonjwa huu hukaa kwenye udongo. Tulianzia shamba la Mama Nkirote, kwa hivyo huenda..."

"Huenda nini?"

"Huenda udongo wake ulikuwa nao tangu mwanzo."

Nilisikia tu mabenchi yakilia watu walipogeuka kumtazama. Walimwondoa kwenye kikundi kabla ya saa sita, kwa kuinua mikono, na nilihesabu mikono ili nisiuone uso wake.

Nje mvua ya ghafla ilikuwa imeanza, ile ya milimani isiyotazamiwa, na gari la kuniteremsha Meru lilikuwa halijafika. Nilisimama chini ya upenu wa kanisa na watu wakanipita. Mama Nkirote alitoka wa mwisho. Akanishika mkono kama mtu anayemshika mtoto aliyepotea sokoni, akanivusha barabara hadi jikoni kwake, akanikalisha kwenye kigoda karibu na moto, akanimiminia ucuru, uji ule uliochachuka, kwenye kikombe cha bati. Alikoroga moto. Kupitia mlango niliona shamba lake lililolala, na maji yakipita juu yake yakiteremka kwenye mashamba ya chini.

"Kunywa, mwari," alisema. "Wewe ni mtoto wa watu. Najua umetumwa."

Sikuwa nimetumwa na mtu. Nilikishika kikombe kwa mikono yote miwili, nikanywa hadi chini, nikamshukuru.